Mwenzio Anachoka Ovyo? Angalia Sahani, Angalia na Kabati la Dawa

Hivi mpenzi msomaji, mwenzio akirudi kazini hoi, akajitupa kwenye kochi hata salamu hajaimaliza, wewe huwa unafikiria nini kwanza? Tuseme ukweli. Wengi wetu akili inakimbilia mbali: ana mtu nje, amenichoka, kazini kumeingia kabinti kapya. Mashoga nao hawako nyuma, kila mmoja anatia chumvi yake.

Sasa basi, iko chumvichumvi moja mwilini ambayo ikipungua, mtu huchoka kama aliyeshusha magunia bandarini. Misuli humkaza usiku, choo kinafunga, miguu inakuwa mizito na moyo unarukaruka kifuani bila sababu. Jina lake ni potasiamu. Wengi tunaijua kama "ile kitu iliyoko kwenye ndizi", tunaishia hapo. Kumbe ni zaidi ya ndizi, na ikipungua sana inaua. Si mchezo.

Ninaandika habari hii nikiwa na sababu zangu, na nitazieleza. Lakini kwanza tufahamiane na huyu mgeni.

Potasiamu ni nani?

Ni madini. Mwaka 1807 mwanasayansi wa Uingereza aitwaye Humphry Davy aliyatoa kwenye potashi, chumvi ambayo siku hizo ilipatikana kwa kuchuja majivu ya mimea. Hata ile herufi K inayoandikwa kwenye majibu ya maabara inatokana na neno "kalium", ambalo asili yake ni Kiarabu na maana yake ni majivu hayohayo. Kwa hiyo bibi zetu waliokuwa wakichuja maji ya majivu ili kulainishia maharage walikuwa wanaichezea potasiamu siku zote bila kujua jina lake.

Na hapo ndipo pa kushika: ni madini ya mimea. Majani, mizizi, matunda na mbegu za jamii ya kunde, humo ndimo yalimojaa.

Ndani ya mwili, karibu asilimia 98 ya potasiamu yote inakaa ndani ya seli. Nje ya seli inakaa sodiamu, ile ya chumvi ya mezani. Hizi mbili zinapishana mlangoni mwa seli kama konda na abiria, huyu anaingia, yule anatoka. Kupishana huko ndiko kunakopeleka ujumbe kwenye mishipa ya fahamu, kunakokaza na kulegeza misuli, na kunakopiga moyo. Kiasi kinachobaki kwenye damu ni kidogo sana: milimoli 3.5 mpaka 5.0 kwa lita. Ikishuka chini ya 3.5 umepungukiwa. Ikishuka chini ya 2.5, hapo ni hatari, moyo unaweza kupoteza mwendo wake na misuli ikagoma kabisa.

Yaliyompata mume wangu

Mume wangu ni mtu wa Ruaruke, kule Kibiti, upande wa delta ya mto Rufiji. Aprili 2024 mafuriko makubwa yalipozikumba wilaya za Rufiji na Kibiti, moyo wake haukutulia. Maji yalipoanza kupungua akaomba ruhusa kazini, akaenda kuwaona wazazi na ndugu. Aliporudi Dar alirudi na tumbo la kuharisha. Siku tatu mfululizo, wee acha tu.

Yeye anatumia vidonge vya presha, vya aina inayoongeza mkojo, na kila asubuhi alimeza kama kawaida kwa sababu aliambiwa asiruke dozi. Chakula hakipiti, anashindia maji na soda. Kuharisha kukakoma. Tukashukuru Mungu. Lakini siku ya nne, sisi tunakaa ghorofa ya tatu, alipanda ngazi mpaka ghorofa ya pili akakaa chini. Akaniambia, "Mama watoto, miguu haipo." Nikamshika kifua, moyo unaenda kama ngoma iliyopoteza mpigaji.

Shoga mmoja akanipigia simu usiku ule: "Mwenzangu, wanaume wakienda kwao wakirudi hivyo, ujue kuna mambo." Nikamwambia asante, nikakata simu, nikaita teksi.

Hospitali daktari aliuliza maswali matatu tu: Umeharisha? Unatumia vidonge gani? Umekula nini wiki hii? Kisha akaagiza damu ipimwe na kipimo cha umeme wa moyo. Potasiamu ilikuwa 2.6. Alilazwa, akawekewa potasiamu kwenye dripu, taratibu sana, huku moyo wake ukiangaliwa kwenye mashine. Daktari alinieleza kwamba ikiingizwa haraka inaweza kuusimamisha moyo. Siku ya pili miguu ilirudi. Akabadilishiwa dawa ya presha, tukarudi nyumbani na somo.

Inapotelea wapi?

Nilidhani daktari ataniambia mume wangu hali ndizi za kutosha. Hapana. Alisema ni nadra mtu mzima mwenye afya kuishiwa potasiamu kwa chakula peke yake, maana figo zikiona imepungua huibana isitoke. Tatizo linakuja pale mwili unapoimwaga kwa njia nyingine, huku sahani nayo ikiwa haina cha kurudisha. Ni kama ndoo iliyotoboka halafu bomba nalo limekatwa. Matundu yenyewe ni haya:

Kuharisha na kutapika. Hili ndilo tundu kubwa kwetu. Maji yanayotoka yanatoka na potasiamu yake. Ndiyo maana pakiti ya ORS si chumvi na sukari tu. Fomula ambayo Shirika la Afya Duniani limeipendekeza tangu 2002 ina gramu 1.5 za kloraidi ya potasiamu kwa kila lita. Maji ya chumvi na sukari tunayotengeneza nyumbani yanasaidia kurudisha maji, lakini potasiamu hayana.

Dawa za kuongeza mkojo. Haidroklorotiazidi na furosemaidi ni dawa nzuri, zimeokoa wengi wenye presha na moyo. Lakini mkojo unaoongezeka unaondoka na potasiamu. Anayezitumia anatakiwa apimwe damu mara kwa mara, siyo kununua tu dukani mwaka baada ya mwaka kwa kutumia boksi la zamani.

Chai za kupunguza tumbo. Kina dada, hapa ni kwetu. Nyingi ya hizi chai zinazouzwa kwa picha ya kiuno cha nyigu zina sanamaki, na sanamaki ni haluli. Unaharisha kila siku kwa hiari yako, mizani inashuka kilo mbili, unafurahi. Kilichotoka ni maji na madini, mafuta bado yako palepale. Ukizidisha kwa miezi, misuli inalegea na utumbo wenyewe unazoea uvivu.

Pombe. Wikiendi nzima bia, chakula kidogo, Jumapili kutapika. Juu ya hayo, pombe inapunguza magnesiamu, na magnesiamu ikiwa chini figo hushindwa kuibana potasiamu. Unajaza huku, inavuja kule.

Halafu kuna jambo la pili, tofauti na hilo la dharura. Hata kama damu yako inasoma sawa, kula potasiamu kidogo huku ukila chumvi nyingi kunapandisha presha. Ndiyo maana mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 za potasiamu kwa siku, na chumvi isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate na chakula cha kununua.

Jiko la Ruaruke

Agosti mwaka uleule tulikwenda Ruaruke, safari hii wote wawili, ili apumzike. Unapita Mbagala, Mkuranga, Bungu, unafika Kibiti, unaiacha barabara kuu ya Kusini na kushika njia ya delta. Huko mbele ndiko kwenye ile misitu mikubwa ya mikoko, na mashamba ya mpunga, minazi, miembe na mikorosho.

Wifi yangu alimwangalia kaka yake, akanigeukia mimi: "Wifi, huyu mmemfanyia nini huko Dar?" Nikamweleza habari ya potasiamu. Akacheka. "Mie hilo jina silijui. Lakini njaa ya mboga naijua."

Nikakaa jikoni na kalamu, kazi yangu ndiyo hiyo. Hiki ndicho alichokula mume wangu kwa siku moja, na mahesabu ya kukadiria niliyoyafanya kwa kutumia viwango vya kawaida vya vyakula hivyo:

Asubuhi, muhogo mtamu wa kuchemsha, vipande vya gramu 200: kama miligramu 500. Saa nne, dafu, glasi moja: 600. Mchana, kunde bakuli dogo: 450. Matembele: 300. Samaki: 350. Tui la nazi lililopikiwa: 200. Ndizi mbivu moja: 400. Alasiri, papai vipande viwili vinono: 350. Usiku, viazi vitamu vya kuchemsha: 450. Jumla ni kama 3,600. Na wali sijauhesabu, kwa sababu wali mweupe hauna kitu: gramu 100 za wali uliopikwa zina kama miligramu 35 tu.

Sasa chukua siku yetu ya mjini. Chai ya rangi na maandazi mawili. Mchana wali nyama na soda. Jioni ugali wa sembe na paja la kuku. Hapo hata nusu ya kiwango ni vigumu kufika. Na kinachoniuma ni kwamba mama ntilie alikuwekea maharage na mchicha pembeni ya sahani, wewe ukavisukuma ukamaliza nyama. Gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina kama miligramu 400, na mchicha uliopikwa unafika 600. Mali yote umeiacha kwenye sahani ya watu!

Na chipsi je? Nitasema kweli hata kama haikusaidii kwenye mjadala wa nyumbani: kiazi kina potasiamu nyingi na hata kikikaangwa kinabaki nayo. Ubaya wa chipsi ni mafuta na ule mvua wa chumvi unaonyunyiziwa juu. Kiazi hichohicho cha kuchemsha ni rafiki yako.

Dafu moja, watu wawili

Siku ya pili pale Ruaruke ndiyo iliyonifundisha zaidi. Kijana wa jirani alipanda mnazi, akaangusha madafu. Akakata mawili, moja la mume wangu, moja la baba mkwe. Mama mkwe akamzuia mkono: "La mzee rudisha."

Baba mkwe ana ugonjwa wa figo. Figo zikichoka haziwezi kuitoa potasiamu iliyozidi, inajaa kwenye damu, na ikijaa nayo inaweza kuusimamisha moyo. Kwa hiyo dafu lilelile linalomrudishia mtoto miguu linaweza kumpeleka baba kaburini. Mzee akaguna: "Mnazi nimeupanda mwenyewe, leo nakatazwa dafu lake." Tukanyamaza wote. Mume wangu akaliweka la kwake chini, akaona vibaya kulinywa mbele ya baba yake. Mzee akamwambia, "Kunywa baba. Wewe lako bado lipo."

Usiku ule nilimwangalia mama mkwe akipika viazi kwenye sufuria mbili. Ya mtoto, viazi vimepikwa na maji kidogo yakabaki kuwa mchuzi. Ya mzee, viazi vimekatwa vidogovidogo, vimechemshwa kwenye maji mengi, maji yakamwagwa. Kliniki walimfundisha hivyo, kwa sababu potasiamu inayeyuka na kutoka na maji. Nikamwambia, "Shikamoo mama, wewe ni daktari." Akanijibu, "Marahaba mkamwanangu. Mie nina wagonjwa wawili na jiko moja, ningefanyaje?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ushauri wa "kula ndizi kwa wingi" hauwezi kuwa wa kila mtu. Lazima umjue unayempikia.

Sasa mfanye nini ninyi wawili?

Juaneni dawa. Fungueni kabati pamoja wikiendi hii. Kila mmoja aoneshe anachomeza, pamoja na zile chai na vidonge vya kuagiza kwa simu. Mwenye dawa ya kuongeza mkojo aulize lini mara ya mwisho alipimwa potasiamu na figo. Wapo pia wanaotumia dawa za presha zinazobakiza potasiamu mwilini, kama spironolakitoni na zile za kundi la kaptopili. Hao wasijiongezee potasiamu bila kumuuliza daktari.

Msicheze na kuharisha. Wekeni pakiti za ORS nyumbani kama mnavyoweka kiberiti. Dafu, ndizi na supu ya mboga ni nyongeza nzuri, lakini dafu peke yake halichukui nafasi ya ORS kwa mtu anayeharisha sana, kwa kuwa sodiamu yake ni ndogo. Na kama mgonjwa anatumia dawa ya kuongeza mkojo, mpigieni daktari siku hiyohiyo awaambie dozi ifanyweje. Msiamue wenyewe.

Badilisheni sahani, siyo bajeti. Kunde, mbaazi, maharage, mchicha, matembele, kisamvu, ndizi za kupika, viazi vitamu, parachichi, papai. Vyote viko sokoni Tandika na Temeke, na vingi ni nafuu kuliko nyama. Mboga za majani zipikeni kwa maji kidogo na mchuzi wake uliwe. Muhogo mchungu ni habari nyingine: maji yake ni lazima yamwagwe, yana sumu.

Msikimbilie vidonge vya potasiamu. Vinaumiza tumbo, na ukizidisha vinaumiza moyo. Ni vya kuandikiwa. Vilevile ile chumvi yenye sodiamu kidogo iliyochanganywa na potasiamu: Januari 2025 Shirika la Afya Duniani liliishauri kwa watu wazima kwa ujumla, lakini si kwa wajawazito, watoto, wala wenye matatizo ya figo.

Zijueni dalili za kukimbilia hospitali. Miguu kulegea ghafla, moyo kwenda ovyo, kuzimia, au misuli kukaza bila kuachia baada ya kuharisha au kutapika. Hapo hakuna cha kusubiri kukuche.

Najua kuna kaka anayesoma hapa anataka kuniuliza kama potasiamu inaongeza nguvu za kiume. Kaka yangu, hapana, nisikudanganye. Inasaidia presha isipande, nayo mishipa ya damu ikiwa salama mengi yanakuwa salama. Lakini ndizi mbili kabla ya kulala ni ndizi mbili tu.

Kwa hiyo, mwenzio akikuambia amechoka, muulize kwanza yale maswali matatu: Tumbo lako vipi? Unameza nini? Leo umekula nini? Ni maswali mafupi, hayana ugomvi ndani yake. Ukipata majibu halafu bado uone ana mtu nje, haya, hiyo tutaiongea toleo lijalo.